Bisibisi na kompyuta iliyokataa kukimbia

Saa tatu asubuhi, mlango wa karakana uko wazi. Mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni ameinamisha sikio juu ya kompyuta iliyovuliwa kava. Mikono yake iko mgongoni. Anasikiliza feni.

"Haiumwi hii," anasema. "Inahema tu."

Mwenye kompyuta ni mchora ramani za nyumba, na amekuja na ombi moja: mashine yake iongezewe kasi. Rafiki yake amemwambia kwamba prosesa, kile kipuri kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, inaweza kusukumwa ikakimbia kupita kiwango ilichowekewa kiwandani. Mafundi huita kazi hiyo kuovakloki.

Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi, hakubali wala hakatai. Anavuta kiti na kumwonyesha mteja akae.

"Imeanza kuwa nzito tangu lini?"

Mchora ramani anakuna kichwa. "Mh. Labda tangu niweke ile programu mpya ya kuchorea."

"Basi tuzungumze kwanza. Mashine ina siku nzima ya kunisubiri."

Baadaye, mteja akiwa ameshaondoka, Bisibisi anaeleza kwamba zamani asingeuliza swali hilo. Angeingia kazini moja kwa moja. "Iko mashine iliyonifundisha kuuliza," anasema. "Ilikuwa ya kaka yangu."

Ufundi hakuusomea. Alikuwa mpokea wageni katika kampuni moja ya bima, kazi yake kusalimia watu na kupokea simu. Kompyuta za ofisi zilipoharibika aliitwa fundi kutoka mbali, na kila fundi alipokuja, mpokea wageni alipata sababu ya kusimama nyuma yake. Mara amletee maji, mara amshikie tochi. Fundi yule hakuwa mchoyo. Alimwacha aangalie, kisha akamwacha aguse, mwisho akawa anamwambia kwenye simu, "Mama, fungua wewe, mimi nakusikiliza."

Kampuni ilipofungwa, wafanyakazi walipewa kiinua mgongo chembamba, na aliyetaka aliruhusiwa kuchukua vifaa vibovu. Wenzake walibeba viti. Yeye alibeba kompyuta mbili mbovu, akapanda nazo ngazi hadi chumba alichokuwa anapanga, akatoa viungo vya moja akaitia nyingine uhai. Jirani aliyemwona akifanya hivyo mlango ukiwa wazi ndiye aliyempachika jina la Bisibisi, nalo likamganda.

Leo ana chumba kimoja cha kazi kando ya barabara, chenye meza mbili, taa ya kuinamisha na rafu ya masanduku ya skrubu. Wateja wake wengi wanatumia kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, zile zinazotoka kiwandani zikiwa zimeunganishwa tayari. Ni imara na bei yake si ya kutisha. Ila zina tabia moja.

"Ni kama nyumba ya kupanga," anasema. "Mwenye nyumba anakuruhusu ubadilishe pazia. Ukuta hugusi."

Kaka yake alikuwa na moja ya hizo.

Kaka huyo, mkubwa kwake kwa miaka minane, alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Mashahidi walisema, yeye akaandika, na husemwa kwamba hakimu mmoja alizoea kumwomba apunguze kishindo cha vidole. Kisha ikaja presha ya macho. Ilianza kumla pembeni, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba moja baada ya jingine, na alipofika kwa daktari madirisha mengi yalikuwa yameshafungwa. Alistaafu kabla ya wakati wake. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na baada ya miaka michache ya kuishi peke yake, binti yake ambaye ni muuguzi alimchukua akae kwake.

Vidole havikupofuka. Alijifunza kutumia programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye skrini: akibonyeza herufi anaisikia, akimaliza neno analisikia. Ndipo aliposikia habari ya shirika moja linalolipa watu kunakili mikutano iliyorekodiwa. Aliwaandikia. Walimtumia rekodi ya majaribio, mkutano mrefu wa wanachama wa ushirika uliojaa watu wanaokatizana, wakamwambia airudishe ikiwa imeandikwa kufikia Ijumaa.

Jumapili alimpigia mdogo wake.

"Bisi, mashine inanichelewesha. Nikiandika neno, sauti inalisoma nikiwa nimeshafika sentensi ya pili. Sijui nimekosea wapi. Ni kama kuongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde."

"Nitakuja niiangalie."

"Usiiangalie tu. Nimesikia kuna kuovakloki. Niovaklokie."

Bisibisi alicheka. Kaka hakucheka.

"Mdogo wangu, wakiniona sifai hawa, sina pengine pa kujaribu. Nitabaki mtu wa kuletewa chai."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Kaka ndiye aliyemlipia karo, na hata siku moja hakuwahi kumwomba kitu. Kesho yake asubuhi alifunga karakana, akaenda.

Kompyuta ilikuwa ndogo, unene wake kama wa kamusi, imesimamishwa kando ya skrini ambayo mwenyewe hakuwa na haja nayo. Aliiwasha huku amekandamiza kitufe cha kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotangulia kabla kompyuta haijawaka sawasawa. Kwenye mashine za kujiundia mwenyewe, ukurasa huo una mambo tele: kasi ya prosesa, umeme wake, yote yako mikononi mwako. Hapa alikuta tarehe, nenosiri, mpangilio wa diski na feni. Basi. Kasi ya prosesa ilikuwa imeandikwa, gigahezi tatu na kitu, lakini kama maandishi ya kaburini: ya kusomwa, si ya kubadilishwa.

"Kaka, wameifunga."

"Hakuna kufuli lisilo na ufunguo."

"Liko. Hata prosesa yenyewe ni ya aina isiyofunguliwa."

"Wewe si fundi? Au hilo jina walikupa la utani tu?"

Ndugu wakubwa wanajua pa kubonyeza. Bisibisi aliifunga mashine ndani ya kanga pamoja na chaja yake, akaondoka nayo.

Karakanani alifanya alichokuwa amekisoma kwenye majukwaa ya mafundi lakini hajawahi kukijaribu. Kuna programu ndogo zinazopita mlango wa nyuma. Prosesa ikikataa kusukumwa, zenyewe husukuma mapigo ya ubao mkuu, ule ambao vipuri vyote hukaa juu yake. Tatizo ni kwamba mapigo hayo si ya prosesa peke yake. Diski inayafuata, na kila kilichochomekwa kinayafuata. Ukiharakisha ngoma, wachezaji wote lazima wakimbie, hata mwenye goti bovu.

Alisukuma kidogo. Mashine ikavumilia. Akaona asije akafika kwa kaka halafu mabadiliko yakafutika kompyuta ikizimwa, basi akaiamuru programu ijianzishe yenyewe kila mashine inapowashwa. Akasukuma tena kidogo.

Skrini ikaganda.

Alizima, akawasha. Ikafika kwenye picha ya mwanzo, ikaganda. Akarudia, ikaganda palepale. Ile programu aliyoiamuru ijianzishe ilikuwa inatii amri yake, na kila ikitii inaikaba mashine koo.

"Niliogopa," anakumbuka. "Si kwa sababu ya mashine. Mashine nimeua nyingi. Nilikumbuka kwamba kazi ya kaka imo humo, nusu ameshaiandika, na sikuwa nimeinakili mahali popote. Kitu ambacho namgombeza kila mteja."

Angeweza kunyamaza kwanza, ajaribu kuiokoa kimyakimya. Alipiga simu.

"Kaka, mashine imezima mikononi mwangu."

"Kazi yangu imo humo, Bisi."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia kabla sijaigusa tena. Nitaitoa diski niisome kwa mashine nyingine. Huenda ni nzima. Huenda siyo."

"Haya," alisema kaka. "Nisubiri hapa hapa kwenye simu?"

"Subiri."

Akaiweka simu mezani, sauti ikiwa imefunguliwa. Alifungua kava, akaichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Kaka alikuwa akisikia skrubu zikiangukia kwenye kisahani. Mafaili yalijitokeza. Alilifungua lile la mkutano, akalisoma mstari wa mwisho kwa sauti.

"'Mweka hazina akajibu kwamba mbegu zilichelewa njiani.'"

"Hapo hapo ndipo nilipoishia," kaka akasema, na mdogo wake akasikia akivuta pumzi.

Aliinakili kazi yote mara mbili, akairudisha diski, akaiwasha mashine katika ile hali ya tahadhari ambamo programu za ziada haziamshwi, akaifuta programu yake. Kompyuta ikarudi kama ilivyokuwa. Nzito vilevile.

Hapo ndipo, kwa kuwa hakuwa tena na la kusukuma, alipoangalia kitu ambacho angepaswa kukiangalia mwanzo. Ukurasa wa mipangilio huandika kasi ya kiwandani, ile ambayo prosesa inaweza. Hauandiki kasi ambayo kwa kweli inatembea. Alifungua kipimo cha kasi inayotembea. Prosesa ya gigahezi tatu na kitu ilikuwa inakwenda chini ya gigahezi moja, na haikupanda hata alipoipa kazi nzito.

"Nilikaa chini," anasema. "Nilikuwa namchapa punda akimbie, kumbe punda amefungwa miguu."

Alidhani ni joto. Aliing'oa feni, akatoa vumbi lililogandamana kama sufi, akafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Mashine ilipoa vizuri. Kasi haikusogea hata nukta.

Jumanne jioni aliirudisha kwa kaka akiwa hana jibu. Muuguzi alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare, anamenya viazi. Bisibisi alichomeka nyaya, akakaa kando ya kaka yake, na kwa mara ya kwanza akauliza.

"Uzito huu ulianza lini?"

"Tangu nihamie hapa. Kule kwangu ilikuwa inakwenda vizuri. Nilidhani imezeeka, kama mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nami nilishakuwa na dawa yangu."

Akaiwasha. Kaka, kwa mazoea, alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha kuingiza mara mbili.

"Unabonyeza nini?"

"Bila hivyo inachelewa kuamka. Niligundua mwenyewe."

Muuguzi alinyanyua kichwa kutoka kwenye viazi. "Shangazi, hiyo huandika kitu kila inapowaka. Maandishi meupe, halafu yanapotea. Nilidhani ndivyo zilivyo zote."

Bisibisi alimtazama. Mara ya kwanza alikuwa amekikandamiza kitufe cha mipangilio, akaruka ujumbe. Na skrini ya karakana yake ni kongwe, huchelewa kuamka. Mpaka ipate mwanga, maandishi yanakuwa yameshapita. Kaka yake naye, sauti ya kumsomea haiamki mpaka kompyuta iwe imewaka yote. Mashine ilikuwa inasema kilichoisumbua kila siku, ikimwambia mtu asiyeona, kwa maandishi.

Aliizima, akaiwasha tena, akazuia mkono wa kaka. Maandishi meupe yakatokea. Alisoma kwa sauti: chaja haitambuliki, prosesa itapunguzwa kasi.

"Chaja?" kaka akasema.

Bisibisi alikiinua kile kisanduku cheusi cha chaja kutoka sakafuni, akakisogeza kwenye taa. Umeme wake ulikuwa mdogo kuliko inavyohitaji mashine. Ilikuwa chaja ya kompyuta ya mkononi.

"Siku ya kuhama, nyaya alifunga nani?"

"Mimi," alisema kaka. "Vyombo walifunga wao. Nyaya siwezi kumwachia mtu."

"Na ile kompyuta ya mkononi ya marehemu wifi yangu iko wapi?"

Iko kabatini, akajibu muuguzi, ndani ya mkoba wake, haijaguswa tangu mama afariki. Alinawa mikono akaenda kuileta. Kaka aliuchukua mkoba, akaufungua mwenyewe, akapapasa. Akatoa chaja, akaipima kiganjani, na kwa mkono mwingine akachukua ile aliyoishika Bisibisi. Ncha zao zilikuwa sawa, nyaya sawa.

"Hii nzito," alisema polepole. "Hii ya mkobani ndiyo nzito. Nimekuwa natumia ya marehemu."

Kisha mabega ya kaka yakaanza kutikisika, na binti yake akamkimbilia akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama yako," alimwambia, "miaka yote alikuwa ananiambia nipunguze mwendo."

Walibadilisha chaja. Maandishi meupe hayakutokea. Kaka aliweka vidole kwenye kibodi, akafungua ukurasa mtupu, akaandika kwa ile kasi iliyomkera hakimu, na sauti ikamfuata neno kwa neno, bega kwa bega: "Mdogo wangu amefanya kazi nzuri sasa chai iko wapi."

Aliandika hadi wenye nyumba walipokwenda kulala. Kazi ilirudi kwa shirika Alhamisi, siku moja kabla. Wiki iliyofuata walimjibu kwamba wamemchukua, wakamuuliza mtu wa sita katika rekodi alikuwa nani, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wamesikia watano tu. Aliwajibu: ni mwanamke aliyekaa karibu na mlango, anaongea chini chini.

Kaka hakuacha ukaidi. "Sasa kwa kuwa imepona," alimwambia mdogo wake, "tungeongeza kidogo." Bisibisi alikataa. Badala yake aliongeza kipande cha pili cha rami, kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, maana mtengenezaji alikuwa ameacha nafasi moja wazi. Hilo liliruhusiwa na mwenye nyumba, anasema.

Hasemi kwamba kuovakloki ni kosa. Kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili hiyo, mwenye kujua anaweza kunufaika, naye amewafanyia wawili watatu. Lakini kwa zile za ofisini huanza kwanza na vumbi, pesti, chaja na rami, na mara nyingi hapiti hapo. Mchora ramani wa leo asubuhi atarudi jioni. Kompyuta yake ilikuwa na programu mbili za kuzuia virusi zinazopigana zenyewe kwa zenyewe.

Kilichombakia Bisibisi akilini ni yale maandishi meupe. Alianza kwa kuweka alama: kila chaja inayopita mezani kwake huizungushia uzi mnene, fundo moja kwa umeme mdogo, mawili kwa mkubwa, ili vidole vijue. Kaka aliwaeleza wenzake wa kikundi cha wasioona. Mmoja akaja, kisha wengine. Siku hizi Jumamosi mchana meza ya pili ya karakana ni yao. Kaka anafundisha kuandika. Bisibisi anafundisha kufungua mashine.

Au anajaribu. Hakujua namna ya kumweleza mtu asiyeona kilipo kitu ambacho yeye mwenyewe hukitafuta kwa macho. Kwa hiyo anajifunza upya. Mchana huu anavua miwani, anajifunga kitambaa usoni, anaivuta kompyuta moja kuukuu mbele yake. Kaka yake amekaa upande wa pili wa meza, mikono imetulia juu ya fimbo.

Skrubu ya kwanza inatoka. Ya pili inatoka. Ya tatu inateleza, inagonga sakafu, inabingirika.

"Kushoto kwako," anasema kaka. "Karibu na mguu wa meza."

Bisibisi anainama, anapapasa, anaipata.

Anataka kupata mashine nyingine mbili kuukuu za kufunguliwa na kufungwa, na kupanua meza. Ana mtu mmoja anayemwekea matumaini, mwanamke aliyekuwa fundi cherehani kabla macho hayajamwacha, ambaye tayari anaitambua feni iliyochoka kwa kuweka kiganja juu ya kava.

"Mwakani nataka akae kwenye kiti hiki changu," anasema, kitambaa bado kiko usoni. "Mteja aingie, aeleze shida yake, na yeye ndiye aanze kumuuliza. Mimi nitakuwa pale mlangoni, naleta maji na kushika tochi. Tochi yenyewe hataihitaji."

Anageuza kava, vidole vinaitafuta skrubu ya nne.